Nepi ya kuogelea haikaushi ngozi: upele unatoka wapi, na mtoto atulizwe vipi

Mtoto akitolewa majini na makalio yake yakaonekana mekundu, wazazi wengi hulaumu kimoja kati ya vitu viwili: klorini ya bwawa au chapa ya nepi. Wanabadilisha chapa, wanahamia bwawa jingine, na safari inayofuata wekundu uko palepale. Anayeumia kwa kubahatisha huko ni mtoto. Ndiye anayelia kila akipanguswa, ndiye anayeamka usiku kwa mwasho, ilhali sehemu kubwa ya tatizo lake ingezuilika bila kununua chochote kipya.

Jambo linalosahaulika ni kwamba nepi ya kuogelea ilitengenezwa kwa ajili ya kulinda maji. Ngozi ya mtoto haikuwa kazi yake. Mzazi akilielewa hilo vizuri, maswali ya lini amvalishe, lini amvue na ampake nini yanakuwa mepesi.

Nepi hii inafanya nini hasa

Nepi ya kawaida ya kutupwa ina kiini cha nyuzi laini zilizochanganywa na chembe za polima inayofyonza maji. Polima hiyo ilianza kuenea kwenye nepi miaka ya 1980. Inaweza kufyonza maji safi mara mamia ya uzito wake. Mkojo, kwa sababu una chumvi, hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi, lakini bado ni makumi ya mara. Ikishafyonza hugeuka jeli, na jeli hiyo haiachii maji kirahisi hata mtoto akiikalia. Ndiyo maana mtoto anaweza kukojoa mara mbili au tatu na ngozi yake ikabaki karibu kavu.

Sasa mwingize bwawani akiwa na nepi hiyohiyo. Polima haijui tofauti ya mkojo na maji ya bwawa, hivyo inafyonza vyote. Nepi inavimba, inakuwa nzito, inaning'inia kati ya miguu, na pengine inapasuka na kumwaga vibonge vya jeli. Watengenezaji wa nepi za kuogelea wakaitoa polima hiyo, au wakaipunguza sana. Kilichobaki ni kitambaa chembamba kinachobana kiunoni na mapajani, chenye kazi moja tu: kuzuia kinyesi kigumu kisielee bwawani. Za kufuliwa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila huwa na tabaka la nje lisilopitisha maji kirahisi na wavu laini ndani.

Kwa hiyo mkojo unapita. Mtoto akiwa majini, unachanganyika na maji ya bwawa. Akiwa nje, unateremka mapajani, unalowesha kiti cha gari na nguo za aliyempakata, na sehemu yake inabaki ndani ya kitambaa, imegusana na ngozi. Hata kinyesi chenyewe, kikiwa chepesi, hakizuiliki. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, imekuwa ikionya kwamba nepi hizi hazizuii vijidudu vya kuhara kuingia majini. Pengine huvichelewesha kwa dakika chache tu. Mtoto anayehara asiingie bwawani kabisa, avae nepi moja au mbili. Na kama imethibitishwa kuwa kuhara huko kumetokana na kijidudu cha kriptosporidiamu, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku saba kwenye maji yaliyotiwa klorini ipasavyo, asubiri wiki mbili baada ya kuhara kukoma.

Ngozi iliyoloa

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli bapa zilizokufa, zimepangwa kama vigae vya paa, na mafuta maalumu yamejaza nafasi kati yake. Kwa mtoto wa miezi michache tabaka hili ni jembamba kuliko la mtu mzima. Likikaa na maji kwa muda mrefu, seli zake huvimba na ule mpangilio wa mafuta unavurugika. Yanafuata mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyaona kwa macho yake. Kwanza, msuguano unaongezeka: ngozi iliyoloa inang'ang'ania kitambaa badala ya kuteleza juu yake, na kila mtoto anapotupa mateke, ukingo wa nepi unakwangua. Pili, chochote kinachowasha kinapenya kwa urahisi zaidi kuliko kingepenya kwenye ngozi kavu.

Halafu kuna suala la asidi, ambalo naona linatajwa mara chache mno kuliko linavyostahili. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Kipimo chake cha pH ni karibu 5. Mtoto huzaliwa ngozi yake ikiwa karibu na 7, kisha inashuka polepole katika wiki za mwanzo. Asidi hiyo ndogo huwapa nafasi bakteria wasio na madhara, huzuia wale wakorofi, na husaidia ngozi kujitengeneza. Maji ya bwawa lililotunzwa vizuri yako kati ya 7 na 7.8. Maji ya bahari yako karibu na 8.1. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kipimo cha pH hupanda kwa makumi: kila namba moja unayopanda, asidi inapungua mara 10, na kutoka 5 hadi 8 imepungua mara 1,000.

Mkojo nao unaongeza yake. Ukikaa kwenye kitambaa pamoja na mabaki ya kinyesi, bakteria huivunja urea iliyomo na kutoa amonia, na amonia inapandisha pH zaidi. Kinyesi cha mtoto kina vimeng'enya vya kusaga protini na mafuta vilivyotoka tumboni, na vimeng'enya hivyo hupata nguvu kadiri pH inavyopanda. Ngozi imeundwa kwa protini na mafuta. Hapo ndipo wekundu wa kweli huanzia, na ndiyo sababu mtoto aliyepata choo kidogo ndani ya nepi ya kuogelea, bila mtu kugundua kwa sababu kila kitu kimeloa, hutoka na hali mbaya kuliko mwenzake aliyekaa majini muda uleule bila choo.

Upele wa nepi kwa jumla hushamiri zaidi mtoto anapokuwa na umri wa miezi 9 hadi 12, kipindi anapoanza kula vyakula vya aina nyingi na choo chake kubadilika. Ndicho kipindi ambacho wazazi wengi huanza kumpeleka kuogelea mara kwa mara.

Yaliyomo majini

Klorini yenyewe, kwa kiwango kinachotakiwa, haitoshi kumchubua mtoto mwenye ngozi nzima katika nusu saa, ingawa hukausha mafuta ya ngozi na kumsumbua zaidi mwenye ukurutu. Kinachowasha zaidi ni kloramini, yaani kile kinachozaliwa klorini inapokutana na mkojo, jasho na uchafu wa waogeleaji. Ile harufu kali inayokuchoma pua unapoingia kwenye jengo la bwawa hutokana hasa na kloramini. Wengi huichukulia kuwa ishara ya usafi. Kwa kweli inaonyesha kwamba klorini imezidiwa na uchafu. Bwawa lenye harufu hiyo si mahali pa mtoto mwenye ngozi nyepesi, na mzazi ana haki ya kumuuliza mhudumu maji yamepimwa lini. Kuoga kwa maji safi kabla ya kuingia, mzazi na mtoto wote, hupunguza kloramini kwa kila aliye bwawani.

Baharini hali ni nyingine. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Mtoto akiwa ndani ya maji, chumvi hiyo haimsumbui sana kama hana mchubuko. Tatizo huanza akitoka: maji yanakauka, chumvi inabaki, na fuwele zake pamoja na mchanga uliojificha kwenye lastiki ya nepi vinageuka msasa. Angalia upele wa mtoto aliyekaa ufukoni kutwa nzima na utaona mara nyingi umefuata mstari wa lastiki, mapajani na chini ya kitovu, si katikati ya makalio.

Kuna pia viluwiluwi vya yavuyavu. Katika bahari za joto, hasa Karibea na pwani ya Florida, viluwiluwi vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho hunaswa chini ya nguo ya kuogelea na kuuma vinapobanwa. Vipele vyake vinavyowasha hujitokeza saa chache baadaye, na dalili yake kubwa ni kwamba viko chini ya nguo, si mahali palipokuwa wazi. Vifuko vyao vya sumu hufyatuka vinapokutana na maji yasiyo na chumvi. Kumwagia mtoto maji ya bomba akiwa bado amevaa nepi ya kuogelea ni kufyatua vifuko vyote vilivyonaswa humo. Mvue kwanza, ndipo umsuuze. Mpangilio huo haudhuru kitu mahali pengine popote, kwa hiyo naushauri kila mahali: vua, kisha suuza. Nepi ya kufuliwa iliyopatwa na hali hiyo ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto na kukaushwa kwa joto, kwa kuwa vifuko hivyo vinaweza kuuma tena hata baada ya kukauka.

Maziwa na mito ina mwasho wake, unaotokana na vimelea wanaoishi ndani ya konokono wa majini. Wenyewe hupenya ngozi iliyo wazi, hivyo vipele huonekana miguuni na tumboni zaidi kuliko ndani ya nepi. Mahali penye kichocho, mtoto asiingizwe kwenye maji hayo hata kidogo, nepi haimkingi.

Muda wa kuvaa na muda wa kuvua

Kama nepi ya kuogelea haikaushi ngozi, basi kinga kubwa kuliko zote ni kupunguza dakika ambazo mtoto anaivaa. Hapa ndipo ningependa mzazi aweke nguvu zake zote, maana hakuna krimu inayoweza kufidia saa tatu za nepi mbichi.

Usimvalishe nyumbani. Najua inavutia: mtoto ametulia, vyumba vya kubadilishia ni vidogo, sakafu ni baridi. Lakini safari ya nusu saa ndani ya nepi isiyonywa mkojo ina maana kwamba mtoto anaweza kufika bwawani akiwa tayari amekaa juu ya mkojo wake. Asafiri na nepi ya kawaida, na abadilishwe dakika za mwisho, taulo na vitu vingine vikiwa vimeshaandaliwa. Msafishe kabisa kabla ya kumvalisha, hasa kama nepi ya safarini ilikuwa na choo.

Kabla ya kumvalisha, paka tabaka jembamba la mafuta ya mgando au krimu yenye zinki oksidi kwenye makalio, kwenye kinena na pale lastiki itakapokaa. Mafuta hayo hufukuza maji na kupunguza msuguano, na huzuia mkojo na kloramini visikae moja kwa moja juu ya ngozi. Jembamba linatosha. Kupaka rundo hakuongezi kinga. Mafuta yatahamia kwenye kitambaa na bwawani, na mikunjo itabaki imejaa uji mzito unaoficha upele. Ngozi iwe kavu unapopaka, la sivyo unafungia unyevu ndani.

Ukubwa wa nepi unahitaji uangalifu. Inapaswa kubana, kwa sababu ikilegea mapajani haizuii chochote, na kitambaa kinachotembeatembea kinakwangua zaidi. Ila kidole kimoja kipite kiunoni bila shida. Ukimvua na kuona alama hafifu za lastiki zinazopotea baada ya dakika chache, ukubwa ni sawa. Alama zenye kina, zilizo nyekundu hadi jioni, zinasema nepi ni ndogo. Baadhi ya mabwawa hudai mtoto avae nepi mbili, moja juu ya nyingine. Sheria hiyo ina maana yake kwa usafi wa maji na haifai kuivunja, lakini tabaka mbili huongeza joto na msuguano, kwa hiyo punguza muda.

Muda gani unatosha? Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, nusu saa majini kwa maoni yangu ni nyingi ya kutosha. Mara za kwanza hata dakika 10 zinatosha. Anapata baridi haraka, ngozi yake inaloa haraka, na furaha yake haipimwi kwa saa. CDC inashauri nepi ikaguliwe kila saa, na ibadilishwe mbali na ukingo wa bwawa. Ushauri huo umelenga usafi wa maji. Kwa ajili ya ngozi ningekagua kila mtoto anapotoka majini, iwe saa imetimia au haijatimia, na ukikuta choo, hata kidogo, safari ya majini isimame mpaka amesafishwa na kuvalishwa nyingine.

Wengi hujikwaa kwenye mapumziko. Mtoto anatolewa, anafungwa taulo, anakula, anasinzia kwenye kigari, na nepi ya kuogelea bado iko mwilini kwa sababu "tutarudi majini sasa hivi". Saa inapita. Ndani ya taulo pana joto, nepi ina maji ya bwawa na mkojo, na mtoto amekaa palepale bila kusogea. Ikiwa mapumziko yatazidi dakika chache, mvue, mkaushe, mvalishe nepi ya kawaida. Utatumia nepi moja zaidi. Ni gharama ndogo kwa kulinganisha na juma la upele.

Kuhusu nepi za kufuliwa: mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza ili kuondoa mabaki ya rangi na kemikali za kiwandani. Baada ya kuogelea isuuzwe mapema kwa maji baridi safi, ifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato, isuuzwe tena hadi povu liishe, na ikauke kabisa. Kilainisha nguo kisitumike, kwa sababu hubaki kwenye nyuzi na manukato yake ni chanzo cha mwasho. Baada ya miezi ya klorini, lastiki hukakamaa. Igeuze ndani nje na pitisha mishono yake upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Kinachokukwaruza wewe kinamkwaruza mtoto zaidi.

Akishatoka

Vua, suuza kwa maji safi ya uvuguvugu, kausha, acha ngozi ipumue, paka, valisha. Maji ya uvuguvugu peke yake yanatosha kuondoa klorini na chumvi. Kama lazima utumie kitu cha kusafishia, kiwe kile kisicho na manukato na chenye pH ya chini. Sabuni ya kawaida ya mche ina pH ya 9 hadi 10, nayo inaongeza mzigo uleule ambao ngozi imeubeba tangu bwawani. Fungua kila mkunjo wa paja kwa vidole na upitishe maji, maana mchanga na chumvi hujificha humo.

Kukausha kufanywe kwa kubonyeza taulo laini taratibu, bila kusugua. Kisha mlaze mtoto juu ya taulo kavu bila nepi kwa dakika 10 hadi 15. Wazazi wengi huruka hatua hii kwa sababu ya haraka, na kwangu mimi ina thamani kuliko krimu yoyote ya bei kubwa. Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Ngozi ya mtoto huungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida.

Kama tayari kuna wekundu, sasa ndipo tabaka nene lina kazi. Paka krimu nzito yenye zinki oksidi, kwa wingi kiasi kwamba ngozi haionekani chini yake, na urudie kila unapobadilisha nepi. Si lazima uifute yote kila mara. Ondoa iliyochafuka tu, acha iliyo safi, ongeza juu yake. Ikigoma kutoka, kipande cha pamba chenye mafuta kidogo kitaitoa bila kusugua. Badilisha nepi mara nyingi zaidi kuliko kawaida kwa siku mbili tatu zinazofuata. Wekundu wa kawaida wa maji na msuguano huanza kupungua ndani ya siku moja au mbili kwa utunzaji huu.

Tishu zenye unyevu zinafaa kuwekwa kando mpaka ngozi ipone, au zitumike zile zisizo na manukato na kileo. Kihifadhi kiitwacho methili-isothiazolinoni, kilichokuwa kikitumika sana kwenye tishu hizo, kilitajwa na jumuiya ya Marekani ya madaktari wa mzio wa ngozi kuwa kizio, yaani kichocheo cha mzio, cha mwaka 2013, kwa jinsi kilivyokuwa kikisababisha mzio kwa watoto na watu wazima. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti.

Kuna vitu ambavyo hupitishwa kwa mapenzi mema kutoka nyumba hadi nyumba, na ambavyo nakusihi usimpake mtoto. Poda, iwe ya talki au ya wanga, huvutwa puani na kuingia mapafuni. Asidi ya boriki na kafuri ni sumu zikipita kwenye ngozi iliyochubuka. Magadi ya kuokea yanapandisha pH. Krimu zenye antibiotiki ya neomaisini huweza kusababisha mzio. Linalonitia hofu zaidi ni krimu mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kali kama betamethasoni pamoja na dawa ya fangasi na antibiotiki, ambazo watu huziona ni tiba ya kila upele. Chini ya nepi, dawa hupenya kwa wingi zaidi, na steroidi kali hupunguza unene wa ngozi na inaweza kuingia mwilini. Hata steroidi dhaifu, kama haidrokotisoni ya asilimia 1, itumike kwa ushauri wa daktari na kwa siku chache tu.

Kuusoma upele

Mahali upele ulipokaa panaeleza mengi kuhusu chanzo chake. Upele wa unyevu na msuguano hukaa kwenye sehemu zilizotokeza, yaani makalio, mapaja kwa ndani na tumbo la chini, ukiacha mikunjo ikiwa salama, kwa sababu mkunjo haugusani na kitambaa. Fangasi wa kandida hufanya kinyume: hupenda ndani ya mikunjo, wekundu wake umekolea, na pembeni yake kuna vipele vidogo vilivyotawanyika. Mara nyingi hukuta upele wa kawaida uliodumu zaidi ya siku tatu na kuutawala, hasa kama mtoto ametumia antibiotiki karibuni. Huyo hahitaji krimu nzito zaidi. Anahitaji dawa ya fangasi kama nistatini au klotrimazoli, ikiambatana na ile kinga ya zinki.

Upele uliochora ukanda kiunoni na nje ya mapaja, unaorudi kila anapovaa nepi ileile hata kama hakuingia majini, unaashiria mzio wa lastiki au rangi. Nepi za kuogelea hupendwa kwa michoro yake ya rangi kali, na rangi, hasa za buluu, zimewahi kuthibitika kuwa chanzo cha mzio kwenye nepi. Jaribu isiyo na rangi kabla ya kutupa lawama kwa bwawa. Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo, vinavyotokea siku chache baada ya kuingia kwenye maji ya moto ya kujiloweka, huweza kuwa ni bakteria wa sudomona wanaostawi maji hayo yasipotunzwa. Mtoto mdogo hana sababu ya kuwekwa humo hata kidogo. Wekundu mkali wenye mpaka unaoonekana wazi kuzunguka njia ya haja kubwa, pamoja na mtoto kulia anapojisaidia, unaweza kuwa maambukizi ya bakteria wa streptokokasi na unahitaji antibiotiki.

Mpeleke kwa daktari kama upele haujapungua baada ya siku mbili au tatu za utunzaji mzuri, kama unaenea nje ya eneo la nepi, kama kuna malengelenge, usaha, magamba ya rangi ya asali au damu, au kama mtoto ana homa. Kwa mtoto wa wiki chache usisubiri siku hizo. Malengelenge au usaha kwa mtoto mchanga ni jambo la siku ileile.

Majini atarudi lini? Kama ni wekundu mdogo usio na mchubuko, anaweza kurudi ukishafifia, akiwa amepakwa mafuta na kwa muda mfupi kuliko mwanzo. Kama ngozi imefunguka, asubiri mpaka ifunge kabisa. Maji ya bwawa na ya bahari yote humchoma mwenye kidonda, na kidonda ni mlango wa vijidudu. Ukitaka kujua kama imefunga, mwoshe nyumbani kwa maji ya uvuguvugu na uipapase ngozi kwa ncha ya kidole. Ikiwa laini na kavu, na mtoto asijikunje unapoigusa, mpe siku moja zaidi, kisha mpeleke.